Kuandika maisha ya mabondia wazee wa Kampala: tuanzie wapi?

Kijana_Naguru ameuliza:

Habari za jioni wanajamvi. Hapa Naguru na Nakawa bado wapo wazee waliopigana ngumi kuanzia miaka ya 1960 mpaka ya 1980, wengine Polisi, wengine Magereza, wengine jeshini. Kila mwaka tunazika. Kikundi chetu kimeamua kuyaandika maisha yao kabla hayajapotea, na si ya mabondia peke yao: tunamtaka pia kocha, jaji, mpiga kengele, na mama aliyekuwa akiipikia timu kambini. Tuna simu mbili na kompyuta moja.

Tumekwama hapa: mzee anasimulia vizuri, lakini miaka inagongana. Leo pambano ni la 1970, kesho ni la 1975. Mwingine anasema alimpiga bingwa fulani, na hatulioni pambano hilo popote. Mwingine anachoka haraka, anarudia jambo lile lile. Tunahakikishaje bila kumvunjia mzee heshima? Na tumwulize nini kwanza?

---

Jaji_wa_Jinja:

Kijana, hongera. Miaka ikigongana, msimbane mzee kwa tarehe. Mbaneni kwa uzito, kwa raundi na kwa namna alivyopewa pointi. Vitu hivyo vitatu bondia havisahau, na kila kimoja kina miaka yake.

Uzito kwanza. Kuanzia 1952 mpaka 1980 madaraja ya ridhaa kwenye Olimpiki yalikuwa flai kilo 51, bantamu 54, unyoya 57, lighti 60, lighti-welta 63.5, welta 67, lighti-midoli 71, midoli 75, lighti-hevi 81, na hevi juu ya hapo. Lighti-flai ya kilo 48 iliingia Olimpiki ya Mexico 1968. Hevi yenye kikomo cha kilo 91, na super-hevi juu yake, ni mambo ya 1984. Kwa hiyo mzee akikwambia alipigana kilo 91 mwaka 1974, hadanganyi, amechanganya tu. Labda mapambano yenyewe ni ya miaka ya 1980.

Uzito unapanda na umri, kwa hiyo ni kalenda. Mtazameni Ayub Kalule. Mwanzoni mwa 1974 alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch kwenye kilo 60. Agosti mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia wa ridhaa kule Havana kwenye kilo 63.5. Oktoba 1979 alimpiga Masashi Kudo kule Akita, Japani, akautwaa mkanda wa WBA (WBA, WBC na IBF ni vyama vya dunia vya ngumi za kulipwa) wa ratili 154, yaani kilo 69.85. Mtu asiyejua mwaka wowote, akiwa na uzito tu, anaweza kuyapanga mapambano hayo matatu bila kukosea. Mfanyieni mzee wenu hivyo: mwulizeni kila pambano alipanda mizani kwa kilo ngapi, na alihangaika kiasi gani kufika. Swali la pili ndilo lenye hadithi. Kwenye mashindano ya ridhaa bondia anapimwa kila asubuhi ya siku anayopigana, basi wa flai mwenye mapambano manne anarudi kilo 51 mara nne. Mwulizeni alikimbia amevaa nini. Wengi watakwambia kaveera, yaani mfuko wa plastiki, chini ya sweta, na hapo ataanza kueleza mwenyewe.

Pointi. Akisema alishinda "5 kwa 0" au "4 kwa 1", hao ni majaji watano, kila mmoja amemtaja mshindi wake. Akisema "12 kwa 7", hiyo ni mashine ya kubonyeza, ambayo kwenye Olimpiki ilianza Barcelona 1992 na kuishia London 2012. Mzee aliyestaafu 1982 hawezi kuwa na matokeo ya 12 kwa 7. Ukiona hivyo, jua amechanganya pambano lake na la kijana aliyemfundisha baadaye. Hilo hutokea sana kwa mabondia waliogeuka makocha, na ni kosa la kumbukumbu tu.

Raundi. Ridhaa ya enzi zao ilikuwa raundi 3 za dakika 3. Kwa waliokwenda kulipwa, pambano la ubingwa wa dunia lilikuwa raundi 15 mpaka WBC ilipopunguza hadi 12 kuanzia 1983. WBA na IBF walifuata miaka ya 1987 na 1988. Kalule alipokutana na Sugar Ray Leonard kule Houston Juni 1981 walipangiwa 15. John Mugabi na Marvin Hagler, Machi 1986, walipangiwa 12.

Picha nazo zinasema. Kofia ya kinga kichwani kwenye mashindano ya wanaume inaelekeza miaka ya 1980 na kuendelea. Wanaume wakubwa waliivua 2013.

---

Mkutubi_Kla:

Naongezea upande wa karatasi.

Kwa Olimpiki ingieni tovuti ya Olympedia. Mapambano yote yameorodheshwa, na raundi kwa raundi ya mashindano mtaona nani alimtoa nani. Uganda ina medali nne za ngumi: Mexico 1968 Eridadi Mukwanga fedha kwenye bantamu na Leo Rwabwogo shaba kwenye flai, Munich 1972 Rwabwogo tena, safari hii fedha, na Moscow 1980 John Mugabi fedha kwenye welta. Lakini walikuwapo wenzao waliopigana pambano moja wakatolewa, nao wana maisha. Tafuteni hao.

Kwa ngumi za kulipwa kuna tovuti ya BoxRec. Itumieni mkijua udhaifu wake: mapambano ya Ulaya na Marekani yamejaa vizuri, ya Kampala, Nairobi na Lusaka ya zamani yana mapengo makubwa. Kutolikuta pambano humo si ushahidi kwamba halikuwapo. Mapambano ya ridhaa ndiyo msiyatarajie kabisa.

Sasa magazeti. Uganda Argus lilianza 1955 na mwishoni mwa 1972 likageuzwa Voice of Uganda. Baada ya 1979 likaja Uganda Times, na New Vision kuanzia 1986. Kwa Kiluganda kuna Munno na Taifa Empya, na mara nyingi ngumi za mtaani zilipata nafasi huko kuliko kwenye magazeti ya Kiingereza. Maktaba kuu ya Makerere ina chumba cha Afrika, muombeni mhudumu majalada kwa mwezi, si kwa mwaka. Gazeti la jioni ya fainali halitakuwa na matokeo, kwa hiyo tazameni siku mbili mpaka nne baada ya pambano. Kwa mfano fainali za ngumi za Munich zilikuwa tarehe 10 Septemba 1972: jalada la Septemba mlisome lote, maana ndiyo miezi ile ile Waasia walipewa siku 90 kuondoka na kurasa zilijaa habari hizo. Ngumi zilisukumwa chini, pembeni, mistari sita.

Kinachowapoteza wengi ni majina. Mwandishi wa zamani aliandika alivyosikia. Rwabwogo ni Lwabwogo pia. Seruwagi anaandikwa Sseruwagi. Mohamed, Muhamad na Mohammed anaweza kuwa mtu mmoja. Bbosa wa Kampala alipofika Uingereza akawa Cornelius Boza-Edwards, na ndilo jina lililoandikwa alipochukua mkanda wa WBC mwaka 1981. Kabla ya kutafuta, andikeni jina kwa namna nne: L na R zibadilishane, konsonanti moja na mbili, jina la dini mbele na nyuma, na jina la utani. Kisha mwulizeni mzee: "Mtangazaji alikuwa anakuita nani?" Hilo ndilo mara nyingi lililoingia gazetini.

Jambo moja nasisitiza: someni kwanza, ndipo mwende kwa mzee. Ukienda mikono mitupu unampotezea muda.

---

Kocha_Katwe:

Dada Mkutubi, kwa heshima, hapo mwisho nakataa. Ukienda na orodha ya mapambano mkononi, mzee atakujibu orodha. Utapata "ndiyo, nilimpiga, raundi ya 2", basi. Mara ya kwanza nendeni bila karatasi. Karatasi ni ya mara ya pili.

Tena msianze na medali. Anzeni na mikono. Chukueni bendeji za mikono, mita 4.5, mpeni mzee, mwombeni amfunge kijana wenu mmoja. Msizungumze. Tazameni anavyopitisha kitanzi kwenye kidole gumba, anavyozunguka kifundo cha mkono mara tatu, anavyokwenda kwenye vifundo vya vidole, anavyomwambia kijana "tanua, sasa kunja". Vidole vinajua njia hata kama kichwa kimechoka. Akiwa anafunga atataja aliyemfundisha, chumba kilikuwa wapi, bendeji ilifuliwa na nani. Atalalamika kwamba hii ni ndefu mno. Mwacheni alalamike, na simu iwe inarekodi.

Kisha mwombeni akunje ngumi yake mwenyewe. Tazameni kifundo cha kidole kidogo. Kikiwa kimezama, mfupa ulivunjika pale, na kwa kawaida ni kwa sababu ngumi ya kuzungusha ilitua kwa upande wa nje, au bendeji ililegea. Hiyo ni tarehe iliyoandikwa mwilini. Mwulizeni ilikuwa pambano gani, alipigana raundi zilizobaki au kona yake ilitupa taulo, alikaa wiki ngapi bila kazi, nani alilipa. Mtapata ukurasa mzima wa maisha kutoka kwenye mfupa mmoja.

Kuhusu watu wa pembeni mliosema, hapo mmenifurahisha. Mtu wa kona ana dakika moja tu kati ya raundi. Anatakiwa kukaa mbele ya bondia, kutoa kinga ya meno, kufuta damu, kubana jeraha kwa pamba bila kuachia, kupaka vaselini, kurudisha kinga na kutoka kabla ya kengele. Anayebana jeraha sekunde tano, anachungulia, anabana tena, damu haikatiki. Mwulizeni mzee wa kona ndoo yake ilikuwa na nini, kitu kwa kitu. Mpiga kengele mwulizeni alitumia saa gani. Jaji mwulizeni alikaa upande gani wa ulingo na mlango wa kutokea ulikuwa wapi. Na mama wa kambini mwulizeni alipika nini wiki ya mizani na nani alikuwa akija jikoni usiku kuiba chakula. Yule mama anajua nani alikuwa na nidhamu kuliko kocha mwenyewe.

Msisahau wanawake waliopanda ulingo. Catherine Nanziri alikwenda Olimpiki ya Tokyo akiwa bondia wa kwanza mwanamke wa Uganda huko, na kule mtaa wa Katanga, Kampala, wasichana wamefanya mazoezi miaka mingi. Wahojini sasa, wakiwa wanakumbuka kila kitu. Mtu hahitaji kuzeeka ndipo maisha yake yaandikwe.

---

Muuguzi_Mbale:

Nijibu la mzee anayechoka na kurudia.

Kichwa kilichopigwa miaka mingi huweza kuacha ugonjwa wa ubongo unaojitokeza baadaye, hata miaka ishirini baada ya kustaafu. Daktari Harrison Martland aliueleza kwa mabondia mwaka 1928. Dalili za kuangalia: maneno kuburuta, mkono kutetemeka, hasira ya ghafla, kuuliza swali lile lile baada ya dakika tano, kutembea kama anayeyumba. Si kila mzee anayesahau ana ugonjwa huo. Shinikizo la damu, kisukari, pombe na uzee wenyewe navyo vinasahaulisha. Msimpe mtu ugonjwa kwa macho tu, na msiuandike kama daktari hajausema.

Kwa mahojiano: asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, baada ya chai na dawa zake. Dakika 40, basi. Rudini siku nyingine. Jioni watu wa namna hii huchanganyikiwa zaidi. Awepo mtu wa nyumbani, lakini akae pembeni, asimjibie. Kaeni mbele yake, si ubavuni, maana wengi wana jicho moja bovu au sikio moja zito. Ulizeni jambo moja kwa swali. "Ulianza lini na nani alikufundisha na ulipigana wapi" ni maswali matatu, atajibu la mwisho.

Akirudia, msimwambie "umeshasema". Sikilizeni kila marudio, mara nyingi ya tatu ina kitu kipya. Na kumbukumbu za ujana hudumu kuliko za juzi, kinachoharibika kwanza ni mpangilio wake. Kwa hiyo badala ya mwaka tumieni matukio: ilikuwa kabla ya Kabaka kukimbia 1966 au baada? Kabla ya Amin kuchukua serikali Januari 1971? Wahindi walikuwa bado na maduka? Kabla ya vita vya 1979? Noti zilikuwa zimebadilishwa? Hili la noti lina faida ya pili. Mwaka 1987 shilingi 100 za zamani zilifanywa shilingi 1 mpya, basi mzee akisema alilipwa shilingi laki moja, jueni kwanza ni laki ya wakati gani.

Na ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaziweka taarifa za afya na za fedha za mtu kwenye kundi linalolindwa zaidi. Mzee akizungumzia ugonjwa au madeni, mwulizeni tena mwishoni kama hilo liandikwe. Kama akili yake inakuja na kuondoka, mwulizeni siku nzuri, mbele ya mwanawe.

---

Kijana_Naguru:

Asanteni sana, wakubwa zetu. Bendeji tutanunua kesho. Mawili yamebaki. Yule anayesema alimpiga bingwa na hatulioni pambano, tuandikeje? Na wazee wengine wanaomba pesa kwanza.

---

Jaji_wa_Jinja:

La bingwa: mwulizeni kama kulikuwa na refa, kengele na tangazo la mshindi. Mazoezi ya kupigana ukumbini si pambano, lakini kwa mabondia wengi hayo ndiyo yaliyokuwa makali zaidi, na mtu aliyemwangusha bingwa mazoezini hakumbuki kwa uongo. Akisema hapakuwa na refa, andikeni "mazoezini". Akisema alikuwapo, tafuteni mtu wa pili: mpinzani, mtu wa kona, mwenzake wa kambi. Msipompata, andikeni "kwa maneno yake" na mwendelee. Msifute.

Na hata pambano mkilipata, someni zaidi ya herufi. Desemba 1986 Mugabi alipigana na Duane Thomas, imeandikwa TKO (refa kasimamisha pambano) raundi ya 3. Julai 1989 alipigana na René Jacquot kule Ufaransa, imeandikwa TKO raundi ya 1, na hapo ndipo alipoupata mkanda wa WBC. La kwanza aliumia jicho akashindwa kuendelea. La pili Jacquot alitegua kifundo cha mguu. Herufi ni zile zile, na hakuna hata moja linaloeleza ngumi ya kumaliza. Kila TKO mnayoiona, mwulizeni mzee: nini hasa kilitokea?

---

Kocha_Katwe:

Pesa: msilipe hadithi. Ukilipa kwa hadithi, hadithi inarefuka. Lipeni nauli na chai, kiasi kimoja kwa wote, na kila mzee ajue mwenzake amepewa hicho hicho. Wengi hawa walishapigwa picha na kuhojiwa, kisha aliyehoji hakurudi. Ndiyo maana wanaanza na pesa. Waambieni watapata nakala ya sauti na ya maandishi, na siku mliyosema mwipeleke. Muiteni kwa cheo chake: Afande, Hajji, Ssalongo (baba wa mapacha). Jina la utani la ulingoni litumieni akishawaruhusu.

Jaji na Dada Mkutubi, hebu semeni kama mnakubali hivi: mara ya kwanza bendeji, mara ya pili karatasi.

---

Mkutubi_Kla:

Nakubali, Kocha. Lakini kati ya mara ya kwanza na ya pili ziwepo siku kumi za gazeti, zisipungue.

Vijana, kuhusu simu zenu: iwekeni hali ya ndege kabla ya kurekodi, maana simu ikiingia katikati programu nyingi husimama bila kuwaambia. Iwe sentimita 30 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa, si juu ya meza tupu. Rekodini kwa faili la WAV, sauti moja: saa nzima ni kama megabaiti 320, kwa hiyo acheni nafasi. Ya pili irekodi pia, ikiwa upande mwingine. Nyumba ya mabati mvua ikianza, simamisheni, hakuna programu itakayoiondoa kelele ile. Jioni ile ile nakilini kwenye kompyuta na kwenye flashi moja inayokaa nyumba nyingine.

Picha za mzee msiondoke nazo. Zipigeni hapo hapo, kivulini mlangoni, bila mwanga wa simu, mbele na nyuma. Nyuma ndiko kwenye mhuri wa studio na tarehe. Msiibandue iliyogandishwa kwenye albamu, itachanika usoni.

Kuandika: saa moja ya sauti itawachukua saa tano au sita. Mzee akichanganya Kiluganda na Kiswahili cha kambini, andikeni alivyosema, maelezo yaje chini. Na kila baada ya dakika moja wekeni muda pembeni, ili Jaji akiuliza "hili la kilo 54 alisema wapi" mwende moja kwa moja.

---

Kijana_Naguru:

Tumeelewa. Jumanne saa tatu asubuhi tunaanza na mzee wa Magereza, na alasiri yake tunakwenda kwa mama wa jikoni. Nitaleta orodha ya majina kwa namna nne nne, Dada Mkutubi uitazame.